Usimsalimie Mwenye Nyumba

Watu waliomjua Rozina tangu utoto wake kule Chala wangekuapia kwamba moyo wake haujui wivu. Alikuwa mtoto wa kumega kiazi chake kabla hajaombwa. Mdogo wake aliposhonewa gauni la Pasaka, ni yeye aliyemfunga mkanda na kumzungusha uani ili majirani wamwone. Lakini wivu ni kama kutu. Chuma hakijui kama kinashika kutu mpaka siku kitakaponyeshewa. Rozina alinyeshewa mwezi wa Juni, akiwa na miaka ishirini na tisa, na mvua yenyewe ilikuwa rafiki yake Bertha.

Wote wawili walikuwa mafundi wa kuchomelea katika karakana ya Mzee Kasimiri, Sumbawanga mjini, mahali malori ya mahindi yanapoletwa kuungwa matela yaliyopasuka. Rozina ni Mfipa, mtoto wa wakulima wa mahindi na ulezi. Bertha ni Msukuma. Baba yake, Mzee Malimi, alihamia upande wa Ilemba na ng'ombe wake kabla Bertha hajazaliwa. Walikutana chuo cha ufundi, wasichana wawili kati ya wavulana arobaini, wakala sahani moja miaka yote ya chuo, na walipomaliza wakaajiriwa siku moja. Bertha akienda kwao alirudi na maziwa mgando kwenye galoni, nusu yake, nusu ya Rozina. Hakuwahi kusahau hata mara moja.

Mbele ya karakana ile kuna kibao ambacho Mzee Kasimiri alikiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: TUNACHOMEREA MAGETI NA MATERA. Kibao kina kisa chake. Mzee alipokuwa darasa la pili, mwalimu alimchapa mbele ya wenzake kwa kusema "kalibu", kama wasemavyo wazee wengi wa huku ambao lugha yao ya nyumbani haina r. Tangu siku ile aliapa kwamba r haitampita tena. Akaiweka inapotakiwa na isipotakiwa. Mzee alikula chakura, alirara mapema, na akitaka nyundo alimwambia Adriano, fundi wa grenda, "Rete nyundo, bwana." Watu walicheka pembeni, lakini hakuna aliyekuwa na roho ngumu ya kumwambia. Alikuwa bosi mwema. Siku za baridi kali aliwasha moto kwenye pipa kabla mafundi hawajafika, wapashe mikono kwanza ndipo washike chuma.

Habari za Kanada alizileta Bertha. Alizisoma kwenye simu: kule wanatafuta mafundi wa kuchomelea, na mtu anaweza kuomba kuhamia kwa ufundi wake bila kumjua mtu yeyote.

"Rozi, twende," alisema, kama mtu anayesema twende sokoni.

Vilitakiwa vyeti, barua ya mwajiri, na mtihani wa Kiingereza wenye sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea. Wakanunua kitabu kimoja cha mazoezi, wakakisoma pamoja. Mchana wenzao wakila, wao walikaa juu ya vipande vya bati wakiulizana maswali, na Adriano akawabatiza jina, Waingereza wa Rukwa. Rozina ndiye aliyekuwa mbele. Kwa ulimi wa Bertha, mchele na chawa wa Kiingereza, rice na lice, vilikuwa neno moja, na Rozina alimkalisha chini wiki nzima mpaka vikatengana.

Kwa hiyo Rozina alitangulia kwenda Dar es Salaam kufanya mtihani. Mlangoni msimamizi alilinganisha majina ya pasipoti na majina ya orodha, herufi moja moja, kwa ncha ya kalamu. Mwanamume mmoja mbele yake alikuwa na herufi moja iliyotofautiana. Alirudishwa. Aliomba, akaeleza, akaonyesha na kadi ya ubatizo, lakini alirudishwa. Rozina alilishika jambo lile moyoni.

Ndani, kwenye sehemu ya kuandika, swali lilisema: paa la nyumba uliyopanga linavuja, mwandikie barua mwenye nyumba.

Rozina alitabasamu. Tangu darasa la tano alikuwa akimwandikia bibi yake barua za kwenda kwa wajomba Mpanda, na alijua barua ya mtu aliyelelewa inavyoanza. Akamsalimu mwenye nyumba. Akamwambia kwamba yeye ni mzima, hofu ni kwake aliye mbali. Akamuulizia mkewe, akawaulizia watoto, akauliza kama mvua za mwaka huu zimekuwa nzuri na kama mavuno yameingia ghalani salama. Yote kwa Kiingereza safi, kisicho na kosa. Alipofika kwenye paa, alibakiwa na mistari miwili na dakika moja.

Alipungukiwa nusu alama, tena kwenye kuandika peke yake.

Siku majibu yalipotoka alimsimulia Bertha nyuma ya karakana, akilia. "Usimsalimie, Bertha. Sikia ninachokwambia. Wale watu hawataki salamu. Ingia moja kwa moja: paa linavuja."

Bertha hakucheka, ingawa habari yenyewe ilikuwa ya kuchekesha. Alimfuta machozi kwa kona ya aproni yake, akamwacha na alama nyeusi shavuni. Wenzao walipouliza, yeye ndiye aliyejibu, "Majibu ya Rozi yamechelewa. Mtandao." Akaendelea kujibu hivyo mwezi hadi mwezi.

Rozina alikusudia kurudia, lakini mama yake akaugua mguu, na mwaka ukapita akiwa kati ya Chala na hospitali. Katika mwaka huohuo Bertha alikwenda Dar es Salaam, hakumsalimia mwenye nyumba, akafaulu. Na mwezi wa Juni, baridi ya Ufipa ikiwa inakata masikio, ikaja barua ya kumwalika alete nyaraka zake ndani ya siku sitini.

Hapo ndipo mvua ilipomkuta Rozina.

Kwanza alichukia faili. Bertha alinunua faili la bluu la kuwekea nyaraka, na kila Rozina alipoliona lilimkera kama mchanga kwenye ugali. Halafu akachukia jina jipya, maana Adriano hakukawia.

"Mkanada!" alipiga kelele juu ya mlio wa grenda. "Huko kwenye barafu, ukichomelea, cheche haziwezi kuganda hewani?"

"Zikiganda nitakuletea, umpe mkeo hereni," alisema Bertha.

Karakana yote ikacheka. Adriano akamgeukia Rozina. "Na wewe, dada? Majibu yako bado yako njiani? Yanakuja kwa miguu?"

"Mtandao," Bertha alidakia, kabla Rozina hajafungua mdomo.

Rozina alishusha kinyago chake cha kuchomelea, akawasha, akaunguza ukingo wa geti la watu. Nyuma ya kioo cheusi hakuna anayekuona uso. Amevukia mgongoni kwangu, alisema moyoni. Ulimi wake niliunyoosha mimi. Kosa langu ndilo daraja lake. Mimi nimeanguka mtoni ili yeye ajue penye kina, na sasa anasimama ng'ambo ananionea huruma. Wema wa Bertha ndio uliomuuma kuliko yote. Jumatatu maziwa yalipokuja aliyanywa yote, na akakasirika kwamba yalikuwa matamu.

Siku hamsini zilipita hivyo. Jumanne ya wiki ya mwisho, Mzee Kasimiri alimwita.

"Rozina, wewe ndiye mwenye Kiingereza hapa. Twende kwa Adorfu tuandike ire barua ya Bertha. Mimi nitasema, wewe utaigeuza."

Adolfu ana steshenari ng'ambo ya barabara, kompyuta mbili na mashine ya kuchapa inayokohoa. Mzee aliketi kwenye kigoda, akavua kofia, akasema taratibu kama mtu anayesali.

"Andika: mimi Kasimiri, mwenye karakana, nathibitisha kwamba Bertha Marimi amefanya kazi kwangu miaka saba."

Rozina aliandika Bertha. Aliandika M, akaandika a. Kidole kikasimama.

"Marimi, mzee?"

"Marimi, ndiyo. Kwani humjui? Si mnakura pamoja kira siku?"

Kidole kilikuwa kati ya herufi mbili. Malimi, kwa l, ndilo jina lililo kwenye pasipoti, kwenye vyeti, kwenye cheti cha mtihani. Rozina alimkumbuka yule mwanamume wa mlangoni na kadi yake ya ubatizo. Alijua watu wa kule watakavyosema: huyu Marimi wa karakana si Malimi wa pasipoti, basi huyu wa pasipoti hana kazi aliyoifanya.

Akaandika r. Amesema mwenyewe, alijiambia. Na mimi nimeuliza.

"Andika kwamba kazi yake haijawahi kurudishwa," mzee aliendelea. "Andika kwamba ni mkweri. Andika kwamba akiondoka nitapata shida." Akamtazama Rozina kwa macho yaliyojaa maji ya uzee na moshi. "Na siku yako ikifika, wewe nitasema hayahaya. Usidhani nimekusahau."

Rozina aliinamisha kichwa juu ya vibonye. Mzee alitia sahihi bila kusoma, akagonga mhuri mara mbili kwa furaha.

Bertha alipokabidhiwa bahasha, aliitia kwenye faili la bluu hivyohivyo.

"Husomi kwanza?" Adriano alimuuliza.

"Kaandika Rozi," alisema. "Nisome nini?"

Usiombe kuaminiwa siku uliyokosa. Jumatano Rozina hakupata ladha ya chakula. Alhamisi alimkaripia Adriano kwa kosa lisilokuwepo. Mara mbili alimfuata Bertha akitaka kusema, na mara mbili Bertha aligeuka na uso ule wenye furaha, na Rozina akauliza habari za bisibisi. Kila alipotaka kusema, wivu ulimshika mkono: mwache, nawe uliachwa kwa nusu alama, nani alikuja kukusemea?

Jioni ya Alhamisi Bertha alimwachia zawadi mbili kwenye sanduku la vifaa: glavu zake za ngozi, zilizo nzuri kuliko zote pale karakana, na kile kitabu chao cha mazoezi. Ijumaa hakuja kazini. Saa kumi jioni angekwenda kwa Adolfu kutuma kila kitu kwa mtandao, maana Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya sitini. Na Mzee Kasimiri alikuwa akipakia mitungi ya gesi kwenye pikapu. Saa tisa angeteremka Kipili, ziwani, kuunga mashua ya chuma, kazi ya wiki tatu.

Mchana Rozina alikaa peke yake juu ya bati, akafungua kitabu. Hakutaka kusoma. Alitaka tu kuona Bertha amekichakaza kiasi gani, apate neno jingine la kumsema moyoni.

Kilifunguka penye barua. Juu ya ukurasa, kwa penseli, kwa mwandiko wa Bertha wenye herufi nenenene, palikuwa pameandikwa: *Usimsalimie. Kasema Rozi.* Akafungua barua iliyofuata: *Usimsalimie. Kasema Rozi.* Barua za mazoezi zilikuwa kumi na nne, za mwenye nyumba, za meneja, za jirani mwenye mbwa, na juu ya kila moja Bertha alikuwa ameandika maneno yaleyale, kama mtoto anayeandika jina la Mungu juu ya daftari. Hakulisahau daraja. Alikuwa akilitaja kila alipovuka.

Wivu haukuondoka. Ulikaa palepale, umekunja nne. Ila sasa aibu ilikuja ikaketi karibu yake, na hao wawili hawakai nyumba moja kwa amani.

"Adriano, mzee asiondoke!" Rozina alisema, akifungua aproni.

"Nimzuie na nini?"

"Mfiche ufunguo!"

Alitembea hadi Chanji, alikopanga Bertha, upepo ukimpiga kifuani, na nusu ya njia alikimbia. Mlango ulikuwa wazi. Mama yake Bertha, aliyekuja kutoka Ilemba kumtembelea mwanawe, alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua maharage. Alimwona, akafurahi.

"Kalibu, Lozina, mwanangu! Habali za kazini? Mguu wa mama unaendeleaje?"

Rozina hakumjibu. Hakutoa shikamoo, hakuvua viatu.

"Bertha, jina lako limekosewa kwenye barua. Limeandikwa Marimi, kwa r. Mzee anaondoka saa tisa."

Mama Bertha aliishika punje ya haragwe hewani.

"Hata salamu!" alisema polepole. "Lozina mimi ninayemjua? Kuna msiba?"

Bertha alikwisha kufungua faili. Alisoma. Midomo yake ilitikisika pale penye jina, akarudia, kisha akakaa kitandani.

"Mzee na r zake," alisema kwa sauti ndogo. "Umeliona lini, Rozi?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea. Angesema leo. Angesema nimeota. Mama Bertha mwenyewe angemshukuru, akamchinjia kuku.

"Jumanne," alisema Rozina. "Kidole kikiwa juu ya herufi."

"Jumanne."

"Nilimuuliza mzee, akasema ndiyo. Lakini nilijua."

"Kwa nini, sasa?"

"Wivu."

Alilitamka mara moja tu, bila kulivika nguo. Mama Bertha alirudisha haragwe kwenye ungo. Alikuwa mwanamke aliyelea watoto tisa na alijua wakati wa kunyamaza. Bertha alimtazama rafiki yake muda mrefu, na machozi yakamjaa lakini hayakuanguka. Kisha akasimama, akavaa sweta, akalitia faili kwapani.

"Twende. Wewe utaandika. Mimi nitasoma."

Siku zote walitembea bega kwa bega. Siku ile Bertha alitangulia, na Rozina akamfuata nyuma hatua nne, kama mtu anayesindikiza mgeni asiyemjua.

Kwa Adolfu, Bertha alisimama nyuma ya kiti.

"Sema herufi," aliamuru.

"M."

"Haya."

"A."

"Haya."

"L."

"L ya nini?"

"Ya kulima," alisema Rozina. "Ya Ilemba ya maziwa. Ya mlevi, ukitaka, ila si ya rafiki, maana rafiki anaanza na r, na mimi sina haki nayo."

Adolfu alikohoa kuficha kicheko. Bertha hakucheka. "Endelea," alisema.

Mzee Kasimiri walimkuta amesimama karibu na pikapu, jasho linamtoka, anajipapasa mifuko yote. Adriano alikuwa akimsaidia kutafuta ufunguo kwa bidii kubwa mno, mpaka chini ya matela.

"Barua nyingine ya nini tena?" mzee aliuliza. Alivaa miwani, akaisogeza karatasi juani, na safari hii akasoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka akafika. "Bertha... Marimi. Si ireire? Mnanicherewesha safari kwa barua ireire?"

Rozina na Bertha walitazamana. Hawakutaka. Yalitokea tu, macho yakakutana kama yalivyozoea, na kicheko kikampasuka Bertha kwanza, kicheko kilichochanganyika na yale machozi yaliyokuwa yamegoma kule nyumbani. Rozina akamfuata. Mzee aliwatazama, akatikisa kichwa, akatia sahihi. Akagonga mhuri mara mbili.

"Wasichana wa siku hizi," alisema. "Adriano, rete ufunguo. Nauona unaning'inia mfukoni mwako."

Saa kumi na nusu nyaraka zilikuwa zimetumwa. Kwenye mlango wa Adolfu, Bertha alifunga faili lake.

"Nimekasirika, Rozi. Sitaki udhani kwa kuwa nimecheka ndiyo yameisha. Nitakaa nimenuna muda."

"Hata mwezi."

"Hata miwili. Nitaona."

"Na maziwa ya Jumatatu?"

Bertha alifikiri. "Maziwa yatakuja. Mama hawezi kukunyima, hata kama umeingia kwake na viatu. Yatakuja, lakini mimi nitakuwa nimenuna." Akashuka barazani, akaenda zake. Hatua chache mbele akageuka. "Glavu uzivae. Zako zimetoboka."

Rozina alirudi kwake jua likiwa bado juu ya milima. Wivu ulikuwapo. Aliuhisi alipopita dukani penye mafaili ya bluu, lakini sasa aliujua kwa jina, na alikwisha kulitamka mbele ya watu. Akakaa mlangoni, kitabu magotini, akafungua barua ya kwanza ya mwenye nyumba na kuchukua kalamu.

Paa linavuja, aliandika kwa Kiingereza. Limevuja siku tatu. Nilijua tangu siku ya kwanza. Tafadhali njoo ulitengeneze.

Akaendelea kueleza, hatua kwa hatua, bila kupamba. Alipohesabu maneno, yalitosha, na muda ulikuwa umebaki. Mstari mmoja ulibaki mtupu chini kabisa ya ukurasa. Rozina aliutazama. Akaangalia huku na huku kama kuna anayemwona, kisha akainama haraka, akamsalimia mke wa mwenye nyumba.